Mfuko Wenye Namba Yetu

Lewisville, Texas

Nyanya yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua chako kimetulia, na kwamba Mjomba Mwakio anakuchemshia maji asubuhi bila kukumbushwa. Je, shule za Voi bado zimefungwa? Na miwani yako iliyokatika mkono, ilipata fundi? Nauliza kwa sababu barua hii nimeiandika kwa kalamu, kama ulivyonizoeza, halafu nitaipiga picha na kuituma kwenye simu ya Mjomba, maana posta siku hizi haieleweki. Tafadhali mwambie akupe simu uisome mwenyewe. Asikusomee yeye. Kuna mambo humu ambayo nataka yafike kwako kwanza.

Mimi na Mama hatujaugua. Hilo nalisema mapema ili usome mengine bila hofu.

Jumatano Mama alikuambia kwa simu kwamba mzee wa nyumba ya pili yetu amefariki kwa ugonjwa huu. Ukamuuliza, "Mlimjua?" Mama akajibu, "Hapana, hatukumjua." Nilikuwa nimekaa kando yake, nikasikia. Nyanya, wewe uliniambia kwamba mtu akisema uongo mbele yangu nami nikanyamaza, uongo huo tumeugawana. Kwa hiyo nakuandikia sehemu yangu.

Unajua Mama anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Hurudi saa mbili asubuhi. Viatu anaviacha nje, sare anaitia kwenye mfuko wa plastiki palepale mlangoni, anaoga kwanza ndipo anisalimu. Mikono yake imepasuka kwa dawa ya kunawia. Barakoa anapewa moja ya wiki nzima, anaihifadhi ndani ya bahasha yenye jina lake. Mwanzoni wazee wake walipoanza kufa alinitajia majina yao tukawaombea. Baadaye akaacha kutaja. Asubuhi moja alikaa sakafuni karibu na bafu, kikombe cha chai mkononi, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Nilimwita mara mbili, hakuitika.

Niliogopa sana. Ndipo nikaanza kumsimulia habari za majirani, ili tu aseme neno.

Wakati ule watu wote walikuwa wamefungiwa ndani. Chakula waliagiza kwa simu. Dereva huja na mifuko, anaiweka mlangoni, anaipiga picha, anakwenda zake. Hakuna hodi wala karibu. Sisi tulijaribu kuagiza, lakini kila tukijaribu nafasi zilikuwa zimejaa, kwa hiyo Mama alipitia dukani akitoka kazini, amechoka, akakuta rafu tupu. Tulikula tambi na maharagwe ya mkebe kila siku. Unga wa ugali hatukuuona tangu kufungiwa kuanze.

Dirisha letu la jikoni linatazama veranda nzima ya juu na milango ya chini, kwa hiyo niliona kila mfuko ulioingia. Vijana wawili wa chini waliletewa aiskrimu na chakula cha mbwa, na mbwa mwenyewe sijawahi kumwona. Mama mmoja wa mwisho wa veranda alinyunyizia machungwa dawa, moja moja, kisha akayaanika.

"Wewe Neema! Machungwa?" Mama aliuliza siku ya kwanza.

"Machungwa, Mama. Ameyapanga kwenye kiti, kila moja na nafasi yake. Hata yenyewe yameambiwa yasikaribiane."

Mama akacheka. Nyanya, sikuwa nimemsikia akicheka kwa wiki nyingi. Tangu siku hiyo nikawa na kazi. Yeye akitoka kuoga ananiuliza, "Haya, habari za sokoni?" nami namsomea kama mtangazaji wa redio.

Aliyetuchekesha zaidi ni mzee wa namba 208. Sisi ni 207, na dirisha lake na letu yanaangaliana kwenye kona. Aliishi peke yake. Alivaa kofia ya sufu na barakoa nyeusi, na sikuwahi kuuona uso wake. Kila Alhamisi mchana aliletewa mifuko mingi kuliko nyumba nzima ya jirani yeyote. Nilimpa jina: Mzee Ghala.

"Jana ilikuwa mingapi?"

"Kumi na mmoja. Na gunia la mchele juu yake."

"Mtu mmoja?"

"Mtu mmoja, Mama. Labda ndiye anayemlisha yule mbwa asiyeonekana."

"Ndiyo maana nafika dukani nakuta rafu zimefagiliwa! Huyu Mzee Ghala akifa watamkuta amefukiwa na tambi."

Tuliyasema hayo dirisha likiwa wazi, kwa sauti kubwa. Nani angetuelewa? Katika jengo hili nilisikia Kiingereza na Kihispania tu. Kiswahili kilikuwa ukuta wetu, nyuma yake tukasema tulivyotaka.

Kisha Alhamisi moja nikakuta mfuko mbele ya mlango wetu. Ulikuwa wa karatasi, umefungwa juu kwa pini, mzito. Karatasi iliyobandikwa ilikuwa na jina la duka la Waafrika la Irving, na chini yake: Celestin K. Nilimwamsha Mama.

"Huyo si sisi," alisema kutoka kitandani. "Usiufungue. Cha mtu ni cha mtu, na hujui kimeshikwa na nani. Upeleke kwa Mzee Ghala, nani mwingine ananunua hivyo?"

Nikaupeleka, nikauacha mlangoni pake bila kubisha, nikarudi kunawa mikono.

Alhamisi iliyofuata ukaja tena. Safari hii nilisoma karatasi mpaka mwisho. Juu palikuwa na lile jina lililokuwa pia kwenye mifuko ya 208. Chini, mahali pa kupeleka, palikuwa na namba yetu. 207. Si kosa la dereva. Mtu aliandika namba yetu kwa makusudi.

Nyanya, nilisimama pale na mfuko mikononi, nikaelewa. Nikajua pia kwamba nikimwambia Mama, mchezo umekwisha. Tungemchekaje mtu anayetuletea chakula? Na Mama angecheka nini asubuhi? Nikauegemeza mfuko kwenye mlango wa 208. Kesho yake nikamwambia Mama, "Ghala limejaa, sasa anakodi nafasi kwetu." Alicheka mpaka akashika ukuta.

Alhamisi ya tatu mfuko ukaja. Nilipoupeleka niliona mifuko yake yote bado iko nje, haijaguswa, ingawa ilikuwa karibu jioni. Kwa kawaida huiingiza mara dereva akigeuka. Niliuegemeza wetu kwenye mingine, nikarudi. Sikubisha. Nilikuwa tayari natunga maneno ya asubuhi.

Ijumaa nikaanza hivi: "Leo Mzee Ghala ameshindwa hata kufungua mlango, mali imemzibia. Mboga zimenyauka, sisimizi wamefika, na..."

Mama aliacha kutafuna. "Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Jana saa ngapi, Neema?"

"Mchana."

Alitoka na leso tu, bila viatu, nywele zinachuruzika maji. Akagonga mlango kwa ngumi akimwita kwa Kiingereza. Akaweka sikio mlangoni, akainua kidole kunizuia nisisogee, akasikia kikohozi. Msimamizi wa nyumba alikuja na ufunguo, na gari la wagonjwa likaja, na watu watatu waliovaa kama warina asali wakamtoa kwenye machela.

Barakoa yake nyeusi hakuwa nayo. Alikuwa na ndevu nyeupe fupi na mwanya kwenye meno ya mbele. Walipompitisha mbele yetu aligeuza kichwa, akamtazama mama yangu, akasema taratibu kama mtu anayehesabu pumzi:

"Asante, Mama Neema."

Kwa Kiswahili, Nyanya. Na jina hilo hakuna anayemwita Mama hapa, ila wale wanaopiga simu kutoka nyumbani, nasi tukizungumza nao dirisha likiwa wazi.

Mama alibaki amesimama kwenye veranda hata baada ya gari kuondoka. Alipoingia alifunga dirisha la jikoni. Hakuniuliza habari za sokoni siku hiyo wala siku iliyofuata. Jumatano msimamizi akatuambia amefariki. Jioni hiyo ndipo Mama alipokupigia, nawe ukamuuliza.

Jana ilikuwa Alhamisi. Mfuko ukaja. Duka halikuwa limeambiwa lolote, kwa hiyo ukaja kama kawaida, jina lake juu na namba yetu chini. Binti yake, Dada Solange, alikuwa amefika kutoka Sugar Land upande wa Houston, anasafisha nyumba. Mama aliuona mfuko akasema, "Mpelekee binti yake." Nikaushika, nikamgeuzia ile karatasi.

"Mama," nikasema, "si wake. Ni wetu. Tazama namba. Ulikuwa wetu tangu mwanzo, na mimi nilijua tangu mfuko wa pili."

Alisoma karatasi. Alisoma tena. Nilingoja anigombeze, na ningependa anigombeze. Akang'oa pini moja moja, akaziweka mezani. Ndani palikuwa na unga mweupe wa mahindi, mafungu mawili ya sukuma wiki, vitunguu, na dagaa. Mama aliukumbatia ule unga kifuani kama mtoto, akalia bila sauti, mikono yake ile iliyopasuka ikaacha alama za damu kwenye karatasi. Kisha akasema, "Weka maji jikoni."

Tulipika ugali. Sahani ya kwanza Mama aliifunika kwa sahani nyingine, akanipa. "Nenda. Na safari hii ubishe."

Nikasimama mbali na mlango wa 208, barakoa usoni, nikaita hodi kwa sauti. Sijawahi kuita hodi tangu nije nchi hii. Ndani mtu akajibu, "Karibu!"

Ni mwanamke wa makamo, ana mwanya kama wa baba yake. Wao ni Wakongo, na Kiswahili chao kina ladha yake. Aliniambia, "Simama hapo hapo, mutoto, hii nyumba ingali na magonjwa. Wewe njo Neema?" Nikasema ndiyo, ni mimi, na nikamwambia ni mimi pia niliyerudisha mifuko, na ni mimi niliyempa baba yake lile jina.

"Mzee Ghala!" akasema, akacheka huku machozi yakishuka. "Nalijua. Papa alikuwa ananipigia kila Ijumaa: 'Solange, leo tena nimekuwa Ghala! Nimefuga na imbwa!' Alikuwa anacheka mpaka anakohoa."

Mifuko ile yote, kumbe, aliwaagizia watu wa kanisa lake waliougua na wasioweza kutoka. Jamaa zao walikuja kuichukua Ijumaa usiku, kwa ngazi za nyuma, mimi nimelala.

"Lakini kwa nini hakutusalimu?" nikauliza.

"Nilimuuliza vile vile. Akasema, 'Nikiwasalimia leo, ule mutoto atakufa na haya. Na mama yake anatoka kwa kifo kila asubuhi, kicheko yake njo ile moja tu. Mimi nimunyang'anye? Wacha magonjwa iishe, nitapiga hodi.'" Akapangusa uso kwa kiwiko. "Kurudishiwa unga tu ndiko kulimuuma. Alisema, hawa Bakenya bana kiburi."

Nilimwomba msamaha. Alisema mimi ni mtoto, na kwamba alinisamehe kabla sijaja. Lakini hilo alisema yeye. Aliyepaswa kuniambia ndiye niliyemwachia mfuko mlangoni, hatua nne kutoka kwenye kitanda chake, bila kubisha. Kama ningebisha Alhamisi ile, sijui. Mama anasema huenda isingebadilisha kitu. Anasema hivyo kwa sauti anayotumia kwa jamaa za wagonjwa.

Dada Solange anarudi Sugar Land kesho. Watu wa kanisa bado ni wagonjwa, na ngazi za nyuma zinafika kwetu pia, kwa hiyo ameuliza kama maagizo yote yaandikwe 207. Mama amekubali. Alhamisi ijayo mifuko kumi na mmoja itapangwa mbele ya mlango wetu, mchana kweupe. Nimeliacha dirisha la jikoni wazi tena. Majirani wakitaka kutuhesabia, wahesabu.

Nisalimie Mjomba Mwakio, na mkewe anayekusukia nywele. Msalimie Mama Mghoi jirani, anayekuletea maziwa na kukaa hata kama huna la kumwambia. Sasa najua analofanya. Binamu yangu Wakesho mwambie namwekea daftari.

Mama atakupigia Jumapili kama kawaida. Nimemwambia kwamba nimekuandikia, naye hakusema nisitume. Nyanya, akikupigia, naomba umuulize tena kama tulimjua yule mzee. Jina lake ni Celestin.

Mjukuu wako anayekupenda,
Neema