Msichana wa Benchi Hasemi Kitu

Jumapili. Mvua haijakatika tangu misa ya kwanza. Umeme wa bwawa la Nzilo umetuacha tena na kwenda zake migodini, nimewasha jenereta, na leo sina hamu hata ya kusikia sauti yangu mwenyewe.

Bahati mbaya, sauti ndiyo kazi yangu. Ninafasiri filamu kwenye chumba cha video hapa mtaani kwetu Kolwezi. Napunguza sauti ya Kifaransa chao, nashika maikrofoni, nasema maneno ya kila mtu kwa Kiswahili chetu. Watoto wanapenda zaidi zile za familia za kuchekesha, za mpira: timu mbovu, baba anayejifanya kocha, kombe mwishoni.

Ukifasiri, unajua vizuri nani anasema na nani hasemi. Baba kocha ananikausha koo kwa maneno yake mengi. Mwanawe vilevile. Halafu yuko mtoto mmoja mweusi, karibu kila filamu hakosi, anakaa benchi, anacheza dansi wenzake wakifunga, anaanguka kwenye matope ili tucheke. Zamani, yeye akitokea, mimi nilikuwa nakunywa maji.

Binti yangu Kabedi alipoanza kudaka mpira na wasichana wa mtaa, niliacha kunywa maji.

Kwenye filamu wanayoipenda kuliko zote, msichana wa benchi anatafuna chingamu. Midomo inacheza. Nikamtilia maneno, kwamba yeye ndiye kapteni: "Coach, mi njo kapiteni! Ule namba tisa anapitia kushoto, muniachie ye!" Chumba kizima kilipiga makofi. Kabedi akayashika maneno yale, akawa anayapaza golini kwake, hadi wenzake wakamfanya kapteni kweli. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Likizo hii alikwenda Fungurume kwa dada yangu, mwenye televisheni kubwa. Filamu ileile ikaonyeshwa, kwa Kifaransa. Kabedi akawaita binamu zake wote: ngojeni, sasa atasema. Wakangoja. Hakusema. Walimcheka mpaka filamu ikaisha.

Alirudi, akaweka mfuko chini mbele yangu mimi baba yake.

"Tata, ule mutoto hasemake hata kitu. Anatafuna tu chingamu."

Nikamwambia labda waliotengeneza filamu walimsahau.

"Na bale bengine, juu ya nini habakubasahau?"

Swali lake ninalo mpaka leo: kwa nini wale wengine hawakuwasahau? Tangu siku hiyo glavu zake zinaning'inia msumarini. Mama anayewafundisha alipokuja kumwulizia, Kabedi alisema tumbo linamuuma.

Leo mchana watoto wameitaka filamu hiyo tena. Kabedi alikuwa amekaa nyuma kabisa. Msichana alipotokea, nikaufunga mdomo. Nilitaka angalau nisimdanganye mwanangu mara ya pili. Msichana akatafuna. Akaanguka kwenye matope. Wakacheka kuliko siku zote, watoto wote hawa wenye sura kama yake, hata wasichana wa timu ya Kabedi. Hakuna aliyeuliza maneno yake yamekwenda wapi.

Hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa.

Nilidhani miaka yote hii nilikuwa nimewapa kitu. Kumbe kicheko kilikuwepo palepale, kinangoja ninyamaze.

Kabedi akapita katikati ya viti, akaniinamia sikioni.

"Tata, sema tu. Bale badogo habayajua bado kama hasemake kitu."

Nikarudisha filamu nyuma. Nikasema: mi njo kapiteni. Wadogo wakaruka, wakapiga makofi. Nilipogeuka kumtafuta, alikuwa ameshatoka, na mvua bado inanyesha.

Sasa amelala, au anajifanya amelala. Glavu ziko palepale msumarini. Nimewasemea watu wote wa ile filamu. Mwanangu akiamka asubuhi, nitamwambia nini?