Mchumba Wangu Hana Chama, Nyumbani Wanamwita Vuguvugu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nakusihi usianze kucheka kabla hujafika mwisho, maana hata mimi nikijisomea haya najiona kama mtu aliyechanganya ndoa yake na televisheni, na huenda ndivyo nilivyo.

Nafanya kazi ya kupokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, na nina mchumba ambaye ni fundi wa spika, yule mtu mnayemwona kwenye mikutano ya hadhara akigongagonga maiki na kusema "moja, mbili, moja, mbili" kabla wakubwa hawajapanda jukwaani. Wiki hii anawafungia spika chama hiki, wiki ijayo anawafungia wapinzani wao, na ukimuuliza yeye mwenyewe ni wa wapi anakujibu kwamba kila upande una la maana na kila upande una la kipuuzi, kisha anaendelea kukunja nyaya zake. Baba yangu ni mwenyekiti wa tawi wa chama chake tangu sijazaliwa, kwetu hata vikombe vina rangi za chama, lakini mshauri, nakuapia, mwanzoni jambo hili halikuwa shida, baba alikuwa anamtania tu, "Mkwe, siku moja utazinduka," wanacheka, yanaisha.

Shida imeletwa na tamthilia. Ni ile ya wanasiasa inayoonyeshwa Alhamisi jioni, yenye chama cha wazee na chama cha vijana, na katikati yao yule mbunge mpole mwenye miwani anayezunguka na mafaili akiwabembeleza watu wakae wazungumze. Watazamaji tumempa jina la Vuguvugu, si wa moto si wa baridi. Wenzake wana wake, wana watoto, wana hasira, yeye tangu ianze hatujaonyeshwa hata anapolala, na kila akiingia wanapiga ule muziki wa chinichini wa kumtangaza mwizi. Sasa juzi ikafichuka kwamba Vuguvugu alikuwa anauza siri za kila upande kwa upande wa pili. Mama akasonya, kaka yangu akaruka kutoka kwenye kochi, "Nilisema! Nilisema mimi!", baba aligeuka polepole akamwangalia mchumba wangu, aliyekuwa ameketi hapo hapo na sahani mapajani, na sisi wote tukamwangalia. Akatafuna, akameza, akasema, "Huyo mwandishi hakujua amfanye nini mtu wa kati, ndiyo maana amemfanya mwizi." Mshauri, si angenyamaza tu?

Tangu siku hiyo kaka anamwita Vuguvugu usoni pake. Kliniki nako hakuna pumziko, hata mgonjwa aliyepigwa ganzi, mdomo umelegea upande mmoja, anataka kujua Vuguvugu atafungwa au atatoroka. Na mimi, hapa ndipo ninapoona aibu, nimeanza kumchunguza mchumba wangu. Nilimuuliza, "Nikigombana na mama yako, wewe utasimama wapi?" Badala ya kuniambia atasimama na mimi, kama mwanamume yeyote mwenye akili angesema hata kwa uongo, akasema, "Itategemea nani amekosea." Nililia mpaka macho yakavimba, naye akaniletea maji ya kunywa, lakini maneno yake hakuyabadilisha.

Na kuna jambo jingine linalonivuruga zaidi. Kabla ya hayo yote baba alimwita pembeni, mimi nilikuwa jikoni na dirisha lilikuwa wazi, akamwomba kitu kidogo tu, kwamba wale wapinzani watakapofanya mkutano wao, spika ziwe zinakatakata mgeni wao rasmi akianza kuzungumza, ionekane ni umeme. Mchumba wangu akasema, "Hapana, mzee. Spika zangu zitasikika." Baba akanuna, kazi zote za tawi akampa fundi mwingine. Nikajiambia, kama amekataa kutusaidia sisi, basi bila shaka ni wa wale wengine, lakini wale wengine nao nasikia hawamwamini kwa sababu ni mkwe wa mwenyekiti. Huku hayumo, kule hayumo, yuko wapi? Na mtu asiyekuwa popote, siku ndoa ikishika moto, atauzima, au atasema moto nao una hoja yake?

Sasa baba ametoa neno, Jumapili mchumba aje na kadi ya chama mkononi, la sivyo hakuna harusi, na mimi ndiye niliyetumwa nikamwambie. "Mshika mbili moja humponyoka," ndivyo alivyosema baba, "mwambie aangalie asiponyokwe na wewe." Baba nilimjibu sawa. Nilipokutana na mchumba nikashindwa kutamka, nikamwambia baba ameshapoa, usijali. Nampenda, mshauri. Lakini nikimwangalia yeye namwona yule wa miwani, nikimwangalia wa miwani namwona yeye, na sijui tena nani amemharibia mwenzake jina. Nimwambie achukue kadi? Niachane naye? Au mwenye kosa ni mwandishi wa tamthilia?

Ni mimi, binti wa mapokezi, roho iko juu.

*

Binti wa mapokezi, pole. Nimecheka, tena sikungoja mwisho, nisamehe. Tamthilia hiyo naitazama, na Vuguvugu alipoumbuka nilipiga makofi peke yangu sebuleni, kwa hiyo sina haki ya kukucheka sana.

Mchumba wako amesema kweli. Mtu anayesema "hebu tumsikilize na wa pili" hajazi saa nzima ya televisheni. Hapigi mtu, hatupi glasi ukutani. Mwandishi ana watu wa kuwashikilia mpaka Alhamisi nyingine, basi akikosa kazi ya kumpa mtu wa kati anampa usaliti, na sisi tunaondoka hapo tukiamini kwamba kila mpole ana la kuficha. Hilo ni tatizo la mwandishi na meza yake. Wewe huolewi na mbunge mwenye miwani.

Sasa lile la spika. Umeniletea kama ushahidi dhidi yake! Binti, ulisoma ulichoandika? Huyo bwana alimwambia "hapana" mtu mwenye neno la mwisho juu ya harusi yake, tena ndani ya nyumba ya huyo mtu. Akakosa kazi. Hakukimbilia upande wa pili kujisifu ili alipwe fadhila. Unauliza yuko wapi, mimi nimemwona amesimama wima, hajayumba.

Usidhani nawatetea wote wanaojiita watu wa kati. Wapo wa kati kwa uvivu, wapo kwa woga, wapo wanaosubiri mshindi atangazwe ndipo wakashangilie. Ukimpata wa namna hiyo, mkimbie. Lakini huyo humjui kwa kukosa kadi, unamjua kwa kuwa hajawahi kukataa jambo likamgharimu. Wa kwako ameshakataa.

Na kuhusu mama yake, ulitaka akudanganye? Anayekuahidi leo kusimama nawe hata ukikosea, kesho atasimama na mwingine hata ukiwa na haki. Ila mfikishie hili kutoka kwangu: yapo maswali ambayo mchumba hujibiwa kwanza kwa kushikwa mkono, hoja zikafuata baadaye.

Baba yako simwoni kuwa mtu mbaya. Na sidhani kinachomsumbua ni kadi. Aliomba jambo la aibu, akakataliwa, na sasa kila Alhamisi anakaa chumba kimoja na mtu anayelijua. Huyo mtu akichukua kadi watakuwa kitu kimoja, na aibu itapata pa kujificha.

Nimekuacha wewe wa mwisho makusudi. Baba umemwambia sawa. Mchumba umemwambia usijali. Mwenye kauli mbili nyumbani kwenu yupo, na si fundi wa spika.

Kwa hiyo kadi usimpelekee, na harusi usiivunje. Leo hii mwambie mchumba kwamba baba hajapoa, na anachotaka ni nini, aamue akijua. Kisha mfuate baba kabla ya Jumapili, akiwa peke yake, mama na kaka wasiwepo, usije ukamwaibisha mbele ya watu. Mwambie, "Baba, nilisikia ulichomwomba, nikasikia alivyokujibu, na huyo ndiye ninayemtaka." Usiongeze la pili. Sauti ikitetemeka, sema hivyo hivyo.