Usiku wa Ijumaa

Ujiji, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Usinicheke, huku ndivyo wakubwa wanavyoamkiwa, na ulimi wangu umeshazoea. Mguu wako unaendeleaje? Na ile mihogo ya nyuma ya nyumba, umepata wa kukusaidia kuivuna? Sisi tu wazima. Neema ameota meno mawili na mchana hataki tena kulala. Bado tunakaa kwa Bibi Zaina, mama mtu mzima aliyetupa chumba cha uani tulipofika hatuna hata mkeka.

Nina habari kubwa, Mama, lakini niache nianze mwanzo.

Huku Ujiji saa inasikika kabla ya kuonekana. Mtu akikwambia mtaonana baada ya alasiri, usimuulize saa ngapi, sikiliza adhana. Mimi niliyekulia kwenye kengele ya kanisa nikadhani nimeshajua yote. Kumbe bado.

Mpwa wa Bibi Zaina ana mashua ya injini, anavuka ziwa kwenda huko kwetu na kurudi. Alirudi akasema amemkuta Yohana wangu, yuko hai, anangoja nafasi. Atamshusha ufukweni Bangwe usiku wa Ijumaa. Nililia mpaka Neema naye akalia bila kujua sababu. Halafu akanionya. Watu wakishuka wanaandikwa, na asiye na mwenyeji anapandishwa lori palepale kwenda kambi ya wakimbizi. Kambi ni nyingi, Mama. Mtu akiingia huko hujui ni ipi, mtatafutana mpaka mchoke. Ilibidi niwepo anapokanyaga nchi kavu.

Basi Alhamisi mchana nikamfunga Neema mgongoni, nikachukua jembe niende Simbo kwenye kibarua cha kupalilia, nilale huko, kesho yake nirudi mapema nimpikie Yohana sombe, ambayo huku wanaiita kisamvu. Bibi Zaina alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akauliza jembe linakwenda wapi siku anayokuja mume wangu. Nikamjibu kwa adabu kwamba leo ni Alhamisi. Akanitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa.

"Mama Neema, kwenu siku inaanza lini?"

"Asubuhi, Bibi, tukiamka."

"Kwa hiyo mkilala hamna siku?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaweka ungo chini, akanieleza kwamba jua likizama, Alhamisi imekwisha, na giza linaloingia ni la Ijumaa. Usiku unatangulia, mchana unafuata nyuma yake. "Usiku wa Ijumaa ndio leo hii, mjukuu wangu. Kesho usiku ni wa Jumamosi."

Mama, nikalirudisha jembe ndani. Hatua chache tu na ningekuwa njia ya Simbo.

Tukaenda Bangwe wote wawili, yeye na bakora yake. Sasa nikuambie nilichokiona. Kwetu jua linatoka ziwani. Tangu utoto nililiona likitoka majini upande huu, nikadhani huku ndiko linakolala. Kumbe huku wanaliona likija kulala kwenu. Lilishuka jekundu, kubwa, nyuma ya milima yetu ileile, na ziwa lote likawaka mpaka miguuni pangu. Niliogopa kwa uzuri wake. Adhana ya magharibi ikatoka, Bibi akanigusa bega akasema haya, Ijumaa hiyo imeingia. Tangu tulipokimbia nilikuwa nauogopa usiku. Siku ile niliutazama ukiingia kama mgeni anayepokewa mzigo.

Mashua ikafika. Yohana alikuwa wa mwisho kushuka, amekonda, ndevu tupu. Mwandishi akamuuliza kama ana mwenyeji, naye, hajatuona gizani, akatikisa kichwa, na lori limeshawashwa. Mimi nikawa najipenyeza kati ya watu. Bibi Zaina ndiye aliyesema, "Huyo wa kwangu. Ana mke na mtoto hapa." Neema akazishika zile ndevu, akazikagua, asilie hata kidogo.

Tulipokuwa tunakula, redio ya jirani ikatangaza saa nne usiku, na saa ya mkononi ya Yohana ikasema saa tatu. Akaigonga, akidhani imeingia maji. Bibi akasema si mbovu, ng'ambo mko nyuma yetu kwa saa moja. Yohana akataka kuirekebisha. Nikamshika mkono.

Nisalimie mdogo wangu wa mwisho, na shangazi anayefinyanga vyungu, na babu mlinzi wa kanisa, umwambie Yohana amepatikana. Barua hii anakuletea yule mpwa wa Bibi, mpe maji ya kunywa, ni mtu mwema.

Ile saa tumeiacha hivyohivyo, Mama. Jioni nikiepua ugali namuuliza Yohana kwa Mama saa ngapi. Anautazama mkono wake, anasema ndiyo kwanza unawasha moto.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mama Neema