Mashini Ilipotupima Akili

Yaya Odile, dada yangu mukubwa,

Vumbi ya Likasi imetufanya wote rangi moja, lakini tuko wazima. Ao karibu wazima, sikia kwanza.

Sisi wauguzi wa magonjwa ya akili tunafundishwa kupima na ordinatere, ile kompyuta: mashini inauliza, mugonjwa anajibu ndiyo ao hapana, kisha inasema kama anaumwa. Leo umeme ulirudi, mwalimu akasema tujipime sisi wenyewe kwanza. "Umepunguza kula?" Ndiyo! Hamu iko, unga ndiyo haiko. "Uko na woga wa kesho?" Ndiyo! Wote tukapatikana wagonjwa. Mwalimu akacheka, akajipima naye, akatushinda wote.

Tukamuleta papa Kalenga, mugonjwa wetu wa kweli, yeye anajiita gavana. Analala vizuri, jamaa wanamuletea chakula, kesho haimusumbue. Mashini ikasema: muzima kabisa.

Akatuangalia kwa huruma. "Batoto, mukuje mukule." Akafungua bukari yake ya unga na majani ya sombe, akatupa kila muntu tonge moja. Mwalimu alipewa mbili, sababu anaumwa zaidi.

Yaya, mama asijue majibu yangu. Umuambie tu nilikula kwa gavana.

Mudogo wako anayekupenda,
Mado