Kwa Nini Sikutumii Jeli Yangu

Chumba cha uani,
Nyumba ya geti la kijani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji, pamoja na huyo mgeni wetu aliyemo tumboni, ambaye Mama anamuulizia hali kila siku kana kwamba ana simu yake mwenyewe. Miguu imeacha kuvimba? Na usingizi unaupata? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, sauti yake ndiyo inayotuamsha. Baba bado anapanda ngazi na ndoo ya rangi, na ukimwambia apumzike ananuna siku mbili.

Sasa niingie kwenye kesi yangu. Najua umenikasirikia. Miezi miwili na zaidi sijawasha kamera ukipiga simu, na ulipoomba nikutumie nusu ya jeli yangu ya chunusi nikakaa kimya. Ujumbe wako wa Alhamisi nimeusoma mpaka nimeukariri: "Uso wako nanyimwa, na dawa pia nanyimwa. Kama nimekukosea, sema." Dada, ulinichoma. Hujanikosea lolote. Nitakueleza yote, na ukitaka kucheka cheka, ila hilo tumbo ulishike taratibu.

Chunusi zangu unazijua tangu zamani, lakini mwaka huu zilihamia na ukoo mzima. Kidevuni, kwenye paji la uso, mashavuni. Nami kazi yangu ni kukata vioo, kwa hiyo kuanzia asubuhi uso wangu unanitazama kutoka kuta zote nne za duka. Wenzangu wakichoka kuniona huangalia pembeni. Mimi nikiangalia pembeni najikuta tena.

Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa daktari wa ngozi. Ni mama mtu mzima, miwani imekaa kwenye ncha ya pua, na haongei sana. Akaniandikia jeli moja iliyomo kwenye tyubu ndogo kuliko ya dawa ya meno. Akasema nipake jioni tu, tena siku moja nipake na siku inayofuata nipumzike, uso ukiwa umeoshwa kwa sabuni laini na kukauka kabisa. Kipimo ni punje moja ya njegere kwa uso mzima, macho na midomo visiguswe. Mchana nijipake mafuta ya kukinga jua. Halafu nisubiri, maana miezi miwili au mitatu inaweza kupita kabla sijaona tofauti.

Kosa langu lilikuwa kuyarudia maneno hayo mezani, Baba akiwepo.

Baba unamjua. Amepaka rangi nyumba za watu miaka thelathini, na kazini wanamwita Mara Mbili kwa sababu hajawahi kuuacha ukuta wowote kabla hajaurudia. Akaichukua tyubu yangu, akaigeuza huku na huku. "Njegere moja? Kwa uso wote huu?" Nikamwambia ndivyo nilivyoelekezwa. Akanionea huruma kabisa. "Huyo hajui kazi. Ukuta unapigwa msasa kwanza, ndipo dawa ishike. Unapaka, unakausha juani, unarudia."

Sijui nini kiliniingia, Dada. Jumamosi asubuhi, siku yangu ya mapumziko, nikausugua uso kwa kile kitambaa kigumu cha kusugulia visigino mpaka ukawaka moto. Nikapaka jeli nene, ikang'aa. Nikakaa uani kwenye jua kali, Baba amesimama pembeni amefumba jicho moja, anakagua kama nimepaka sawasawa. Baada ya nusu saa akanigusa shavu kwa ncha ya kidole. "Imekauka. Rudia." Nikarudia. Mama akapita na beseni la nguo, akauliza kama tumerukwa na akili. Tukamjibu kuwa hii ni kazi ya kitaalamu.

Jumapili uso uliamka umevimba. Jumatatu ukaanza kubanduka. Nikitabasamu kipande kinadondoka, kwa hiyo nikaacha kutabasamu. Baba alinisogeza dirishani, akapitisha kidole gumba shavuni, akatikisa kichwa. "Unyevu," akasema. "Ukuta una unyevu." Kisha akanipiga picha kwa simu yake, maana kila kazi iliyoharibika huipiga picha. Sikumsemesha siku nzima.

Kazini ndiko nilikoaibika zaidi. Alikuja mteja kuchukua kioo cha bafuni, nami nikakishika mbele yake huku nimesimama kando. Akakitazama kwa upande, akakunja uso. "Dada, kioo hiki kina madoa. Nibadilishie." Nikakifuta, akasema bado. Nikaleta kingine, akasema nacho kina yaleyale. Ikabidi nimwambie ukweli, kwamba vioo vyote ni vizima na anachokiona ni mimi. Maskini, aliomba radhi mpaka mlangoni.

Tukarudi kwa daktari, safari hii na Baba, na ovaroli lake lenye rangi za nyumba zote alizowahi kupaka. Alikuja kumfundisha kazi yule mama. Daktari akaniangalia, akamgeukia. "Mzee, wewe ukipaka rangi nene, halafu ukairudia wakati ya chini haijatulia, inakuwaje?" Baba akajibu upesi, kwa fahari, "Inapasuka, inabanduka yote." Daktari akamtazama juu ya miwani. Dada, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona Baba akiufyata.

Niliambiwa nisiiguse jeli mpaka ngozi itulie kabisa, nipake mafuta ya kulainisha yasiyo na manukato, ndipo nianze upya polepole. Na nikiona inawaka tena, nirudi, nisisikilize mafundi. Tangu siku hiyo msimamizi wangu ni Baba yuleyule. Ameweka njegere moja kavu kwenye kiberiti, ndiyo kipimo rasmi. Nikikamua tu, anakuja na kiberiti chake kulinganisha. Ikizidi hata kidogo anagoma kuondoka.

Foronya za zambarau ulizotuletea, nisamehe, jeli imeziachia mabaka meupe. Mama bado anaomboleza.

Sasa ombi lako. Nilimuuliza daktari. Akasema dawa hii aliandikiwa mtu mmoja, na mwenye mimba asiiguse kabisa. Nikashindwa kukuambia. Ningewezaje kumnyima mtu aliyenibeba mgongoni mpaka nikaingia shule? Mama naye hakunisaidia. Jana nimeikuta tyubu yangu imefichwa ndani ya soksi, kwenye kifurushi anachokupelekea binti wa jirani keshokutwa. Tulizozana mpaka sauti zikafika barabarani. Aliyemaliza ugomvi ni Baba. "Dada yako ni nyumba yenye mpangaji ndani," akasema. "Hatuipaki kitu tusichokijua." Mama akaitoa tyubu mwenyewe, akalia kidogo, nami nikalia.

Kwa hiyo mwone daktari wako huko, Dada, umweleze kuhusu mimba, akupe kinachokufaa. Nakuomba. Mimi chunusi nimebakiwa nazo tano, tunaheshimiana.

Nisalimie Shemeji, mwambie akufulie yeye. Msalimie Shangazi ukimpigia, na umshike shavu mpangaji wetu kwa niaba yangu siku atakapofika. Mungu akupe uzazi mwepesi na akurudishe kwetu mkiwa wawili.

Kifurushini hakuna jeli. Zipo picha zangu mbili. Moja ni ya jana, sina poda. Nyingine ni ile ya Baba, ya ule uso wa kubanduka, ambao niliapa hutauona mpaka nife. Dawa nimekunyima, Dada, lakini uso wangu huo hapo, mara mbili.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba.