Mafuta ya Papa kwenye Ekseli

Baba,

Tek. Ndivyo ilivyolia ile spana ya pembe sita ilipozunguka kwenye kichwa cha ekseli bila kushika kitu. Mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti inayovunjika. Nilijua hapo hapo kwamba tundu la kuingizia spana limelika. Nikairusha spana ukutani, mpaka Mama akatoka chumbani kuuliza nani kanipiga.

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira na wewe, na sina pengine pa kuipeleka.

Nimepata kazi, Baba. Kufundisha kemia, sekondari moja upande wa Mkange. Kutoka linaposhusha basi mpaka shuleni ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu, nikasema baiskeli ya Baba ipo. Kondakta akanikata: "Dada, nzima hiyo haiingii. Toa tairi la mbele tuipenyeze nyuma ya viti." Kazi ya dakika mbili. Mimi nimehangaika siku tano.

Kwa sababu yako. Ekseli ya baiskeli ile ni fimbo ya chuma inayopita kwenye foko, ule uma unaoshika gurudumu, na katikati ya gurudumu, ikajifunga upande wa pili. Inataka grisi. Wewe, mtoto wa waunda mashua, uliipaka sifa, mafuta ya ini la papa, kama unapaka mbao za chombo. Nilikuwa kidato cha tatu, nimekushikia foko, nikakwambia haya yakikauka yanakuwa gundi. Ukacheka. "Babu yako kavipaka vyombo vikubwa, itakuwa hiki kibaiskeli?" Yamekauka, Baba. Yamekauka na chumvi ya Bagamoyo ndani yake.

Nimeloweka kwa mafuta ya taa. Nimemwagia maji ya moto. Nimegonga mpaka kiganja kimevimba. Mwishowe nikamwita Fundi Shabani wa Dunda. Mama, kwa kuwa yumo edani, akajitenga nyuma ya pazia. Fundi akainama, akanusa.

"Dada, hii baiskeli au samaki ng'onda?"

"Fundi, mwenyewe ana miezi mitatu tu kaburini," Mama akamjibu kutoka ndani. "Punguza mdomo."

"Nisamehe, mama yangu. Lakini hii dawa yake msumeno. Upite hapa na hapa, pande zote mbili, kati ya gurudumu na foko."

"Haikatwi!" Mama akapaza sauti. "Iacheni. Itaachia yenyewe."

Nikasimama pale na koleo mkononi. Maneno yako hayo. Uliyasema kwa komeo la mlango wa uani, kwa bomba lililoziba. Na kifua kilipokubana, nikakuomba twende hospitali, ukaweka mkono ubavuni ukasema, "Kitaachia chenyewe, mwanangu, kaniletee maji." Siku tatu nilikuletea maji. Mimi niliyesoma. Nilinyamaza kwa kuwa wewe ni baba, na nilijua utacheka. Sijui kama hospitali ingekusaidia. Sitajua, na hilo halinipi usingizi.

Mama anaifuta baiskeli kila Ijumaa kwa kipande cha kanga. Hafuti mpini wa kulia, pale mkono wako ulipolainisha mpira. Aliniambia, "Ukiikata hiyo, kitu gani chake kitabaki kizima?" Nilikumbuka tu uwanja wa shule ya msingi, wewe unakimbia nyuma yangu, kikoi umekikunja magotini, unapiga kelele, "Usitazame chini! Tazama unakokwenda!" Kumbe ulishaniachia zamani, na mimi nilikuwa naendesha peke yangu.

Allah akupanulie kaburi lako, Baba. Nitakusomea Yasin kila Alhamisi, na mwisho wa mwezi nitarudi kumwona Mama. Nakuahidi hilo. Lakini akiniambia kichwa kinamuuma, sitamletea maji tu nikakaa.

Nimeikata. Jumamosi, baada ya adhuhuri, niliazima msumeno wa chuma kwa Fundi Shabani, nikakata mwenyewe, taratibu, nisiiguse foko. Mama alifunga mlango wa chumba. Nililia, na mikono haikusimama. Gurudumu likadondoka mchangani. Vile vipande vitatu vya ekseli nilivigonga, nikavitoa kwa koleo, nikavifunga kwenye kitambaa, nikavisukuma chini ya mlango wake. Aliviokota, nilisikia. Fundi akanichongea ekseli nyingine, na Jumatatu nikapanda basi, gurudumu nimelipakata. Hapa Mkange nimelifunga tena, nimelikaza, na leo asubuhi nimefika darasani kabla ya wanafunzi.

Binti yako,
Mwanahawa