Petroli Walitia Wao

Mama,

Gari limewaka. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla ya salamu. Limewaka leo asubuhi nje ya mji wa kale, pale pale askari walipolitelekeza. Lilitoa moshi mweupe kidogo, ukakatika, injini ikatulia. Haigongi. Dereva wako Madi alishuka akalibusu bati la mlango kama mtu anayempokea haji kutoka Maka, akainuka na kutu mdomoni.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyorudi nayo kutoka Unguja ukanilea nayo. Redioni kule Moroni nasoma Kifaransa na Kikomori, na habari hii sikuruhusiwa kuisoma kwa lugha yoyote. Mkuu wangu alisema, "Zaina, gari kuharibika si habari." Nikamwambia dereva kufungwa ni habari. Akaenda kufunga dirisha. Basi naiandika hapa kama ilivyotokea, maana hapa Mutsamudu wameshaanza kuisimulia vingine.

Siku ile nilikuwa nyumbani kwa likizo. Askari wa kambi walikuja kulichukua gari, pikapu yako ya kubebea maua. Siandiki kwamba waliliazima. Yule sajini wa kizungu mwenye shingo nyekundu alinyoosha mkono akataka ufunguo, kama mamluki hawa wanavyotaka kila kitu tangu walipotushukia visiwani na bunduki zao. Madi hakuwepo. Alikuwa hospitali ya Hombo, mkewe akijifungua, na wodi nzima ilimwona akizunguka na birika la chai asijue pa kuliweka. Ufunguo uliutoa wewe. Ulimwambia sajini jambo moja tu: "Ukitia mafuta, uliza kwanza."

Na alikuwa na alama mbele ya macho yake. Kwenye mfuniko wa tangi ulifunga kipande cha shiromani yako ya zamani, ile nguo nyekundu na nyeupe uliyojitanda mpaka ikachanika. Madereva wote kuanzia bandarini hadi Hombo walijua maana yake: gari la Mama Zaina ni la dizeli, usitie kitu hujauliza. Asiyejua maana angalau alishangaa, na aliyeshangaa aliuliza. Sajini alikikata kwa kisu. Alidhani ni uchafu. Magari yao ya jeshi yanatumia petroli, naye akalijaza la kwetu petroli.

Jioni walilirudisha kwa kamba. Tulisikia stata kutoka ndani ya vichochoro, inalia na kulia. Ulitoka mbio, mimi nyuma yako, kanga begani. "Usiwashe! Toa mkono wako hapo!" Sajini hakutoa. Injini ikashika, ikagonga kama sufuria inayopigwa nyundo, ikazima. Akapiga stata tena. Kama angekusikiliza, tungemwaga tangi, tungebadilisha filta na kutoa hewa kwenye mabomba, na kesho yake Madi angepanda mlima kufuata maua ya langilangi. Lakini pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Kila alipopiga stata aliinywesha petroli, ikajikwaruza mpaka ikafa mikononi mwake.

Ukachukua mpira wa maji, ukauingiza kwenye tangi, ukavuta kwa mdomo. Ukatema kwenye kiatu chake.

"Dizeli haina ladha hii," ukasema. "Petroli mlitia nyinyi."

"Dereva wako amefanya hujuma, bibi."

"Dereva wangu anapokea mtoto!"

Walikwenda kumtoa Madi hospitalini. Hakuwahi kumwadhinia mwanawe sikioni. Babu yake ndiye aliyemwadhinia.

Mjomba Bakari alitaka uende kambini uombe radhi. Wewe ulijaza chupa kwa yale yaliyotoka kwenye tangi, ukazipanga juu ya baraza la mawe mlangoni mwa mji, ukakaa pembeni yake. "Asiyeamini anuse!" Wakanusa wazee waliotoka msikitini. Wakanusa wanawake wenye vikapu. Mpaka wale askari wetu weusi wa kambini walinusa, mmoja akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Muuza samaki Mwanaisha alipiga kelele, "Mama Zaina, hii supu ya kwangu haijaiva!" Ulicheka hadi ukashika mbavu. Nataka nikukumbuke hivyo, si vile ulivyokuwa Hombo.

Madi walimwachia baadaye, bila neno, na meno pungufu. Gari likabaki pale pale. Ulikuwa unataka kitu kimoja kwao, wala hakikuwa pampu. Ulitaka mmoja wao aseme wazi kwamba petroli walitia wao.

Ulikufa kabla hawajasema.

Nimeliandika neno hilo kwa mara ya kwanza. Shangazi anawaambia watu kwamba gari ndilo lililokuua. Naweka sawa: ulikuwa na presha tangu zamani, dawa ulikuwa unazisahau kwa makusudi, na daktari alisema hivyo mbele yangu. Sitawapa hao heshima ya kukuua. Lakini kikombe chako bado kiko dirishani, na mimi ninayeandika mambo yalivyo nimeshindwa kukiosha.

Baada ya hitma ya arobaini, Mjomba alikuja na ujumbe. Kapteni wao yuko tayari kutupa pampu kutoka ghala lao, ilimradi mtu wa nyumba hii asimame mbele ya watu aseme Madi alichanganya mafuta, jambo liishe.

"Ni maneno tu, mwanangu," Mjomba akasema. "Utasema mara moja, gari litatembea."

"Na Madi? Akikamatwa tena kwa maneno hayo?"

Akazungusha kofia yake mikononi. "Mama yako alikuwa mkaidi."

"Alikuwa. Ukaidi nimeshaurithi, Mjomba, mengine mgawane."

Sikusema mbele ya watu. Nilirudi Moroni na mkufu wa dhahabu ulioniwekea kwa ajili ya harusi yangu kubwa, ule wa mwisho, maana mwenzake ndio ulionunua gari hili na ukoo ukakununia. Nikaenda soko la Volo Volo kwa muuza vipuri mmoja, mtu aliyefukuzwa ng'ambo, Majunga, pamoja na Wakomori wenzake. Alinionyesha pampu iliyotoka kwenye pikapu iliyopinduka. "Ichukue, dada. Hii na mimi ni sawasawa, tulianguka lakini tunafanya kazi." Mkufu ukabaki kwake. Shangazi aliposikia alishika kichwa: "Sasa utaolewa na nini?" Nikamjibu, "Na pikapu."

Niliporudi nayo huku kwa boti, Madi na mimi tulishusha tangi, tukaliosha kwa dizeli, tukamwaga, tukaliosha tena. Tukapuliza mabomba. Tukafunga pampu na filta mpya, tukalegeza nati na kupampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha. Madi hakuniacha niguse ufunguo kabla hajanusa tangi mwenyewe. Nikakata upindo wa shiromani yangu, ile uliyoninunulia nilipopata kazi, nikaufunga kwenye mfuniko.

Ndipo likawaka. Watu wakajaa. Na sajini akaja, kwa sababu mlio wa injini ile anaujua.

Alisema wanalihitaji kesho. Madi akamjibu bila kumtazama, "Kesho lina maua." Sajini akazunguka hadi nyuma. Akakishika kitambaa kwa vidole viwili. Kisu kilikuwa kiunoni. Hakukitoa. Akauliza kwa Kifaransa, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika, "Hii ni dizeli?"

Aliuliza, Mama. Mtu ambaye hakukosea siku ile ana haja gani ya kuuliza leo?

Mwanaisha hakukubali lipite. "Mpeni chupa anuse!" Wakaangua kicheko mpaka madirishani. Nilimjibu kwa Kifaransa chake, kwa ile sauti yangu ya kusomea habari, ili walio mbali wasikie: "Dizeli. Lilikuwa la dizeli siku zote." Akaondoka kwa miguu, bila gari, shingo ikiwa nyekundu kuliko kawaida. Huenda kesho akarudi na wenzake. Siandiki nisichokijua. Najua kwamba leo aliuliza, na mji mzima unajua.

Lala sasa. Kesho nitapita kaburini na Madi na mwanawe, kisha nitapanda boti. Shiromani yangu ina upindo wa kutosha miaka mingi. Kitambaa kikichakaa nitakifunga kingine. Na siku watakayoondoka, maana wataondoka, nitaketi mbele ya kipaza sauti niisome habari hii kwa Kikomori, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili chako, jina la Madi likiwa safi. Sentensi ya kwanza itakuwa ile uliyoitema kwenye kiatu chake: petroli walitia wao.

Mwanao,
Zaina